Mkwaruzo Pembeni mwa Kioo

Mimi ni mtu wa kushuku. Maziwa nayanusa kabla ya kuyamimina, hata kama nimeyanunua asubuhi hiyohiyo, na fundi akiniambia gari limepona namwambia aliwashe mbele yangu. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba siku malaika akija kunichukua nitamtaka kwanza aonyeshe kitambulisho. Kwa hiyo nilipoiona slaidi ile yenye mkunjo sikujiuliza mara mbili. Nilijua kuna mtu ananichezea.

Slaidi ni kipande cha kioo, urefu wake kama kidole, na juu yake tunabandika utando mwembamba uliokatwa kwenye uti wa mgongo wa panya. Kazi yangu kwa miaka ishirini na miwili, hapa Winnipeg, katika maabara ya Daktari Lorna Petursson, ilikuwa kuchungulia vioo hivyo kwa hadubini na kuhesabu. Mshipa wa fahamu ukiukata kama unavyokata karoti, unaona duara lenye ganda jeusi. Ganda nene maana yake mshipa ni mzima. Usio na ganda umeliwa na ugonjwa. Na ganda jembamba ndilo lililotufanya tuamke asubuhi: mshipa ulivuliwa, kisha ukavikwa upya.

Ugonjwa unaowavua watu maganda hayo ni MS, na kwetu huku kwenye nyanda za baridi huna haja ya kumweleza mtu. Kila mtaa una mgonjwa wake. Wetu ni mdogo wangu, Terry.

Daktari Petursson aliuanza msako wake akiwa na miaka ishirini na sita. Wenzake walikuwa wanatafuta namna ya kuuzuia ugonjwa usile. Yeye aling'ang'ania swali jingine, kama kilichokwisha kuliwa kinaweza kurudi. Walimcheka. Profesa mmoja alimwambia mbele ya ukumbi mzima kwamba ubongo si mkia wa mjusi. Alirudi nyumbani, akafundisha, akazika mume, akajaribu dawa arobaini kwa panya na zote arobaini hazikufua dafu. Ya arobaini na moja ndiyo iliyotuletea maganda membamba. Sasa alikuwa na miaka sitini na saba, anastaafu Juni, na kati yake na kuijaribu dawa hiyo kwa binadamu ilikuwa imebaki hesabu moja tu. Hesabu yangu.

Kamati ya hospitali inayoruhusu majaribio kwa watu hukaa mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Ripoti yetu ilitakiwa ifike Ijumaa ya kwanza ya Machi, saa sita mchana. Wagonjwa kumi na wawili wangeanza, na kila mmoja lazima aweze kutembea mita mia moja kwa fimbo moja bila kupumzika. Terry aliziweza. Aliziweza kwa jasho na matusi, lakini aliziweza. Kila mwezi mguu wake wa kushoto ulikuwa mzito kuliko mwezi uliotangulia, na mimi na yeye tulijua bila kuambiana kwamba Oktoba hataziweza.

Tulifanyia mazoezi klabuni, pembeni mwa barafu. Terry alikuwa nahodha wa mchezo wa mawe, ule wa kutelezesha jiwe zito barafuni huku wenzako wawili wakilisafishia njia kwa mifagio. Kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine na kurudi haifiki mia, kwa hiyo tuliongezea mpaka mlango wa baa. Yeye alitembea, mimi nilihesabu hatua. Hatua mia moja sitini na mbili.

Kuna jambo moja kuhusu mchezo huo. Hauna polisi. Ukiligusa jiwe linalokwenda, hata kwa unywele wa mfagio, unatakiwa uinue mkono mwenyewe useme, "Nimeligusa." Miaka mingi iliyopita, kwenye fainali ya jimbo, jiwe la mwisho likiwa linaelekea palepale panapotakiwa, Terry aliinua mkono. Hakuna aliyeona. Tulipoteza kikombe. Nilikuwa jukwaani nimevaa sweta yenye jina lake, na sikumsemesha mpaka Pasaka.

Basi, slaidi. Anayehesabu hatakiwi kujua ni panya yupi alipewa dawa na yupi alipewa maji matupu. Akijua, jicho litaanza kumpendelea. Slaidi huja na namba tu, na orodha ya namba hukaa kwa mtu mwingine. Kwetu alikaa nayo Réal Fontaine, mtafiti kijana wa Saint-Boniface, mpole, mla vitunguu. Januari nilihesabu slaidi namba 17. Ilikuwa na mkunjo pembeni, kama pirogi, lile andazi la viazi la kwetu, iliyobanwa na mtu mwenye haraka, nikacheka peke yangu. Katikati ya Februari nikaweka namba 204 chini ya hadubini, na pirogi yangu ikaniangalia.

Niliinuka nikaenda kunawa uso, nikarudi kuangalia tena. Ilikuwa ileile.

Kwa nini slaidi ile ile ije mara mbili kwa namba mbili? Nilipata jibu moja tu: mtu anachukua panya waliopona vizuri na kuwarudisha kwenye foleni wahesabiwe tena, ili waliopona waonekane wengi. Na mtu mwenye sababu ya kufanya hivyo alikuwa mmoja, yule anayestaafu Juni.

Tangu siku hiyo kila kitu kilinuka. Daktari na Réal walikuwa wakiongea, nikiingia wananyamaza. Droo ya Réal, iliyokuwa wazi miaka yote, ilikuwa na kufuli. Na Jumanne moja Daktari alikuja kusimama nyuma ya kiti changu, jambo ambalo hakulifanya tangu mwaka nilioajiriwa.

"Darlene, macho yanaendeleaje?"

"Macho yangu?"

"Nauliza tu. Umri huu wetu, mwenzangu."

"Macho yangu yanaona vizuri," nikasema. "Yanaona kila kitu."

Alinitazama kidogo zaidi ya inavyohitajika. "Na Terry?"

"Anatembea."

"Vizuri," akasema, akaondoka. Mwanamke niliyekula naye chakula cha mchana miaka ishirini na miwili! Nilimwona mgongo tu, sweta yake ya kijivu ya sufu ya Aislandi, nikawaza: kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili nilimwambia Terry. Alikuwa jikoni kwangu anakaanga vitunguu vya pirogi akiwa amekaa kwenye kiti kirefu, fimbo imening'inia kwenye mpini wa jokofu.

"Unamshuku Lorna?" akasema. "Lorna Petursson? Yule anayerudisha kalamu za benki?"

"Nimeiona kwa macho yangu."

"Dada, wewe ulimshuku padri kwamba anavaa nywele za bandia."

"Na alikuwa anavaa!"

Akacheka mpaka mafuta yakamrukia. Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Kama anadanganya, dawa si dawa, na mimi nitachomwa sindano ya maji. Sawa. Lakini kama hadanganyi, na wewe ukaenda kupiga kelele wiki mbili kabla ya ripoti, umeniua. Unanielewa? Usiseme neno mpaka uwe na ushahidi wa kushika mkononi."

Aliongea vizuri. Ndiyo maana nililaumu baadaye kila kitu isipokuwa maneno yake.

Jumatatu nilikwenda kazini na kalamu ya almasi, ile tunayoandikia kwenye kioo. Kila slaidi niliyomaliza kuihesabu niliikwaruza pembeni, mstari mdogo chini ya lebo ambao hauonekani usipojua pa kutazama. Nikanunua daftari jekundu. Upande mmoja niliandika namba, upande mwingine nikachora umbo la utando na hesabu niliyopata. Slaidi yenye mkwaruzo ikirudi, nilifungua daftari nikatafuta umbo lake, nikaliona, nikaandika: imerudi. Kisha nikahesabu upya.

Kwa wiki mbili zilirudi slaidi thelathini na moja. Na kila nilipohesabu upya nilipata hesabu ileile, au tofauti ya ganda moja au mawili. Lazima nikiri kwamba nilijivuna. Nilijiambia, wao wadanganye wanavyotaka, jicho la Darlene Hrycyk ni mizani.

Alhamisi, siku moja kabla ya ripoti kuondoka, niliweka daftari kwenye mkoba nikiwa nimeamua. Nje kulikuwa na baridi ya thelathini chini ya sifuri, magari yote yamechomekwa kwenye umeme injini zisigande, kama ng'ombe waliofungwa kamba. Kabla sijafika mlangoni kwa Daktari, Réal alinidaka kwenye korido. Alikuwa anatabasamu mpaka fizi zinaonekana.

"Dada Darlene! Leo ndiyo naruhusiwa kukwambia. Nilikuwa nimebanwa mdomo, nimeteseka mimi!"

"Kuniambia nini?"

"Mtego! Kamati iliweka mtego. Walisema mhesabu wetu ana ndugu mgonjwa, anasubiri dawa hiihii, je, tutajuaje kwamba mkono wake hauvutwi? Wakataka slaidi sitini zirudishwe kwako kwa namba mpya bila wewe kujua. Kama hesabu ya kwanza na ya pili zinatofautiana sana, basi unahesabu kwa moyo, si kwa macho. Mama Lorna alikasirika, aliwaambia anakujua kuliko anavyojijua. Lakini kanuni ni kanuni. Alikuwa na wasiwasi juu yako, akawa anakuja kukuchungulia!"

"Sitini," nikasema.

"Sitini. Na umefaulu, dada! Hizi za mwisho hasa. Zinalingana kama mapacha. Sijawahi kuona mtu anahesabu hivyo. Daktari amelia."

Alinikumbatia, ananuka vitunguu, akaenda zake akipiga mluzi. Nilibaki pale na mkoba wangu.

Msomaji, ulishaona? Mimi ilinichukua muda wa kuvuta pumzi mbili. Zililingana kama mapacha kwa sababu nilikuwa nimeshalitazama daftari. Nilipofungua kutafuta umbo niliiona na hesabu, ilikuwa pembeni yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, halafu ndipo nikainama kwenye hadubini. Kuna maganda ambayo ni membamba bila ubishi, na kuna mengine ambayo ni kivuli tu, ukitaka ni ganda, usipotaka si ganda. Nikishajua kwamba natafuta arobaini na tatu, vivuli vinajipanga vyenyewe mpaka vinafika arobaini na tatu. Mtego uliwekwa kupima kama ninaweza kuaminika, na mimi kwa kushuku watu niliutegua bila kujua. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Na hakuna aliyejua. Hilo ndilo nililokaa nalo chooni, mlango nimefunga, daftari mapajani. Daftari dogo, jekundu, la kuchanika. Nikilichana, ripoti inaondoka kesho, Aprili kamati inakubali, Terry anapata dawa mguu wake ukiwa bado mguu. Nisipolichana, mhesabu mwingine atafutwe, wa nje, afundishwe jicho, ahesabu yote tangu mwanzo. Oktoba. Niliwaza hata sababu nzuri: dawa huenda inafanya kazi kweli. Kisha nikajiuliza kama naijua kweli, na sikuweza kujijibu. Miaka ishirini na miwili nimeshuku kila mtu. Sikuwahi hata siku moja kulishuku jicho langu.

Nilibisha mlango wa Daktari. Macho yake yalikuwa mekundu ya furaha.

"Amekwambia yule mdomo wazi," akasema. "Njoo, njoo ukae. Nikuombe radhi."

"Usiniombe." Nikamwekea daftari juu ya meza. "Soma kwanza."

Alisoma. Alisoma polepole, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mstari, na niliona furaha ikimtoka usoni kidogokidogo. Hakuuliza maana. Mtu wa kazi ile haulizi.

"Ulikwaruza kabla ya kuhesabu au baada?"

"Baada. Lakini ziliporudi nilitazama humu kwanza."

"Zote?"

"Thelathini na moja."

Akavua miwani. "Kwa nini hukuniuliza, Darlene?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, mtego si mtego tena."

"Na mimi ningekuuliza vipi? Mwizi haulizwi."

"Mwizi," akasema, kama anaonja neno hilo. Miaka arobaini na moja ya kazi yake ilikuwa mezani pale, na nilikuwa nimeikwaruza kwa almasi. "Nani mwingine ameliona?"

"Hakuna."

Akalichukua daftari, akaviringisha kiti kidogo upande wa kapu la taka. Nami, Mungu anisamehe, nilimshuku tena. Tena nilitamani iwe kweli. Nilisubiri kusikia karatasi inachanika.

Alikuwa anafuata kalamu iliyoanguka. Akaandika tarehe kwenye ukurasa wa kwanza, akaweka sahihi yake, akanisukumia niweke yangu.

"Nenda ukaandike barua kwa kamati," akasema. "Nami nitaandika yangu. Usinionyeshe yako. Sitaki zifanane."

Mlangoni aliniita. "Na Terry umwambie wewe, leo au kesho. Asisikie kwa barua."

Barua ziliondoka Ijumaa kabla ya saa sita. Jumamosi mchana nilimpeleka Terry klabuni kama kawaida. Mashindano ya asubuhi yalikuwa yamekwisha, na Gord, mtunza barafu, alikuwa peke yake kule mwisho anakwangua. Nilimwambia Terry kabla hajavua koti. Nilimwambia yote, daftari, mkwaruzo, choo, kapu la taka. Sikuficha hata kwamba nilitamani lichanwe.

Alisikiliza akiangalia barafu.

"Oktoba," akasema.

"Oktoba."

"Oktoba nitakuwa kwenye kiti cha magurudumu, Darlene."

"Huenda usiwe."

"Usinibembeleze." "Barua imekwenda?"

"Imekwenda. Nilifikiri wewe ungefanya hivyohivyo. Nilikumbuka fainali. Uliinua mkono na hakuna aliyeona."

Akanigeukia, na sijawahi kuona uso wake ukiwa vile, hata siku alipoambiwa ugonjwa.

"Kile kilikuwa kikombe," akasema. "Kikombe cha bati, dada. Hii ni miguu yangu."

Nililia, yeye hakulia. Gord kule mwisho alizima mashine akajifanya anakagua kamba.

Kisha Terry akauliza, bila kunitazama, "Inafanya kazi lakini? Hiyo dawa?"

"Sijui."

"Miaka yote hiyo umechungulia, hujui?"

"Nilikuwa najua mpaka Alhamisi."

Akatikisa kichwa. Akaishika fimbo, akasimama kwa kubishana na goti lake, akashika ukuta, akauachia. Nikafuta uso, nikajiweka ubavuni mwake mahali pangu pa siku zote, nikafungua mdomo niseme moja.

"Hapana," akasema. "Wewe kaa."

"Terry, lazima mtu ahesabu."

"Lazima." Akainua sauti mpaka ikagonga bati la paa. "Gord! We Gord! Acha hiyo barafu, njoo unihesabie hatua!"

"Si una dada hapo?" Gord akajibu kutoka mbali.

"Huyu hafai," Terry akasema, na akaweka mguu wa kulia mbele. "Huyu ananipenda mno."